Siku Mkandaji Alipoondoa Mkono Tumboni Mwangu

Kwanza niseme: humu nitaandika neno mavi. Maneno ya adabu nayajua, madrasa nilisoma, na shule nilikaa mpaka wadogo zangu walipohitaji mtu wa kuwabeba mgongoni. Lakini nikiandika kwa adabu, wewe uliyekaa chooni asubuhi hii umeshika ukuta, jasho linakutoka na huko chini hakutoki kitu, utadhani naongea na mtu mwingine. Naongea na wewe, mzee mwenzangu, mwenye tumbo gumu kama mfuko wa sementi ulionyeshewa.

Mimi ni Bibi Salma wa mtaa wa Buyenzi. Mikono yangu inajulikana mtaani. Mwanamke akizaa, naitwa mimi nikamkande kwa maji ya moto, kisha nimfunge mkaja, kile kitambaa kirefu cha kulibana tumbo la mzazi lirudi mahali pake. Nimekanda wasichana, halafu nikakanda binti zao. Wanalia, wananitukana, mimi nacheka na kuendelea. Muulize Zuhura, mke wa mwanangu Hamisi. Alizaa watoto wake wote mikononi mwangu na mpaka leo ana kiuno cha bibi harusi. Naringa, ndiyo. Mungu alinipa mikono, na ningefanya nini nayo?

Sasa niseme na jambo la dada yangu, kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini niliogopa vile.

Dada yangu Mwajuma alifunga choo mwaka mzima akinyamaza. Tulijua tu kwamba amekonda na tumbo limetoka. Alipopelekwa hospitali alikuwa amechelewa, hakurudi kwa miguu yake. Nilimuosha mimi. Waislamu wenzangu wanajua: katika kumuosha maiti, unamwinua kidogo, unapitisha mkono tumboni taratibu, unabonyeza, ili kilichobaki kitoke naye aende akiwa safi. Mkono wangu ulipofika upande wa kushoto, chini ya kitovu, ulikuta kitu. Kigumu, kirefu, kimelala hapo kama muhogo. Nilikipitia juu bila kumwambia mtu, nikaendelea kumuosha. Lakini mkono ulikishika, na mkono wangu hausahau.

Baada ya mazishi, kiangazi kikaingia, vumbi likajaa mpaka kwenye sufuria, na choo changu mimi kikaanza kunikimbia.

Mwanzoni unacheka. Unasema ni jua, ni bugari nyingi, ule ugali wetu, maji nimesahau kunywa. Kisha inapita wiki. Unaenda, unakaa, unasukuma mpaka macho yanataka kutoka, na unapata vipande kama vya mbuzi. Nyumba yetu choo ni kimoja, nasi ni wengi. Kila asubuhi wajukuu walipanga mstari nje.

“Bibi, uko ndani bado?”

“Mi niko.”

“Unafanya nini?”

“Najenga nyumba! Ondoka!”

Walicheka, nami nikacheka na paji la uso limeegemea ukuta. Lakini mwili ulikuwa unabadilika. Mdomo ulinuka hata nikisugua. Ndagala, dagaa wa ziwani niliowapenda, wakawa na ladha ya kutu. Kitenge nilichokuwa nafunga mafundo mawili kikafika fundo moja kwa shida, na huku mikono na shingo vimekonda. Nikajiangalia kwenye kioo cha Zuhura, nikamuona Mwajuma.

Hamisi ni fundi wa magari, mtu wa kusema mara moja. Akasema, “Mama, kesho tunaenda hospitali.” Nikamwambia hospitali ndipo walipomuweka mama yako mkubwa kitandani akatoka ndani ya sanda. Akanyamaza. Nilijua atanyamaza, ndiyo maana nilisema hivyo.

Basi mvua za kwanza zilipoanguka, Zuhura akaniletea Mama Faida.

Mama Faida ni mwanamke wa Gatumba, kule mpakani, mnene, anacheka kwa mwili mzima. Kazi yake ni kukanda matumbo ya wazee. Nilipomuona nikanuna. Mimi nikandwe? Akanitazama tu, akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa.

“Minasikia we ni mukandaji,” akasema.

“Wa wazazi. Si wa mavi.”

“Basi leo we ni mavi, mi ni mukandaji. Lala.”

Zuhura alitoka nje mbio ili acheke vizuri.

Kabla ya kunigusa aliniuliza maneno yake, yale yale anayomuuliza kila mtu. Damu iko? Kutapika iko? Homa iko? Nikasema apana, na ilikuwa kweli. Akanituma nikakojoe kwanza. Akapasha mafuta ya mawese ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto, akajaribu joto kwenye kiwiko kama mtu anayemuogesha mtoto. Akaniwekea mto chini ya magoti. Kisha akaanza chini kulia, taratibu, akapanda mpaka chini ya mbavu, akavuka, akateremka kushoto. Tena na tena njia hiyo hiyo, bila haraka, kiganja kizima, si vidole. Na muda wote anaongea! Maji yalivyoingia nyumbani kwake, mbuzi wake aliyepanda juu ya kabati, mwanamke wa mpakani anayeficha vitenge chini ya nguo mpaka anaonekana ana mimba kila wiki.

Tumbo langu likalia. Lilitoa sauti kama maji kwenye bomba lililokuwa limekatwa. Nikasikia aibu. Yeye akapiga makofi, “Iyo! Imejibu!”

Kesho yake asubuhi nikapata choo. Sitaki kukuambia kingi kuhusu choo hicho, ila nilitoka nikawapigia wajukuu makofi nao wakanipigia. Zuhura akapika chai ya tangawizi kama siku ya sikukuu.

Hivyo tulikwenda msimu mzima wa mvua ndogo. Mama Faida anakuja, ananikanda, ananikemea ninywe maji, nile papai na mboga za lengalenga, nitembee mpaka msikitini na kurudi badala ya kukaa mlangoni kama chungu. Wiki nyingine mambo yalikwenda vizuri, wiki nyingine vibaya, lakini yalikwenda. Ningeendelea hivyo, pengine nisingekuwa na la kuandika.

Ramadhani ikaingia na mvua kubwa. Mama Faida alikuwa ameniambia, yeye Mkristo wa watu, “Mama Hamisi, mwaka huu usifunge. Tumbo yako inataka maji.” Hamisi akasema hivyo hivyo. Hata mwalimu wa madrasa akanikumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa. Nikafunga. Sijawahi kula mchana wa Ramadhani tangu nivunje ungo, isipokuwa kwa mimba na damu, na sikutaka watoto wadogo wanione nakunywa maji jikoni kama mwizi.

Tumbo likafunga nalo.

Na Mama Faida hakuja. Maji yalikuwa yamefunika barabara ya Gatumba, nyumba yake ikaingia maji mpaka dirishani, akahamia kwa ndugu. Simu yake haikuita. Nikajiambia, Salma, mikono unayo mwenyewe. Tumbo ni tumbo. Mzazi unamkandaje? Kwa maji ya moto sana, unasukuma chini kwa nguvu, kisha unamfunga. Ndivyo nilivyojifanyia. Nililala chali chumbani nikajisukuma kutoka kifuani kwenda chini kama mtu anayefukuza ng'ombe, kisha nikatoa mkaja wangu wa zamani sandukuni nikajifunga mpaka pumzi ikawa fupi. Nilishinda nao mchana kutwa. Mwenzangu, mzazi tumbo lake limebaki tupu, unalibana likae. Mimi langu lilikuwa limejaa, na mimi nilikuwa nalifunga kamba juu ya mzigo. Sasa naliona. Wakati ule niliona najitibu.

Ilikuwa siku moja baada ya swala ya alasiri, nafungua mkaja ili nijikande. Mkono ukateremka kushoto, chini ya kitovu.

Ukakuta kitu. Kigumu, kirefu, kimelala hapo kama muhogo.

Sijui nilikaa muda gani. Nilisikia watoto uani wakigombania mpira, na mtu anapondaponda sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu, na mimi mkono wangu uko pale pale, hautaki kuondoka na hautaki kubonyeza. Nilifikiri: ni nani atakayeniosha mimi? Ni nani atakayekikuta?

Sikusema. Nitakueleza kwa nini, ingawa si sababu nzuri. Nilihisi kwamba kikitajwa kitakuwa kweli. Kikikaa baina yangu na mkono wangu, bado kinaweza kuwa kitu kingine.

Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, mwenye dawa ya kila kitu, aliniona natembea nimeinama. Akaniambia kwao wanapiga pwari. Kama hujui, pwari ni ule mpira mwekundu wenye mdomo mwembamba, unaujaza maji ya dawa unaingiza nyuma. Nikasema hilo najua, tumepigwa sote utotoni. Akasema, “Lakini umetia pilipili?” Hapana, sikutia. “Ndiyo maana.” Akasaga pilipili mbichi na tangawizi, akachuja kwa kitambaa, akanipa kwenye chupa. Baada ya kufuturu nikaingia chooni na pwari yangu.

Sitaeleza. Yule aliyepitia anajua, na yule ambaye hajapitia asijaribu. Nilipiga kelele mpaka majirani wakazima redio. Na baada ya moto ule, kilichotoka ni maji, na baada ya maji, damu.

Damu nyekundu, kwenye kitambaa cheupe.

Zuhura ndiye aliyekuwa mlangoni. Nilifungua kidogo, akaona kitambaa kabla sijakificha. Akashika mdomo.

“Mama, hii ni nini?”

“Ni bawasiri.”

“Mama.”

“Zuhura, sikiliza. Ukimwambia Hamisi, we si mukwe wangu tena. Umesikia?”

Akakitoa kitambaa mkononi mwangu. Akakifua mwenyewe, nyuma ya nyumba, akakianika chini ya kanga yake ili kisionekane. Kuanzia siku ile akawa ananitazama ninapokula, ninapolala, ninapoinuka. Macho yake yalinichosha kuliko tumbo. Alikuwa amebeba siri yangu, na mimi nilikuwa namkasirikia yeye kwa kuibeba.

Idi ikapita. Nilivaa, nikapokea wageni, nikawapa watoto peremende. Pilau ya Zuhura ilipita mbele yangu nikaisukuma pembeni na kijiko. Jioni ya sikukuu nikatapika kitu cha kijani chenye harufu ya choo. Nilijua maana yake: njia ya chini imeziba. Nikafukia kwa mchanga.

Siku chache baadaye barabara ikafunguka, na Mama Faida akaja na kopo lake. Amekonda naye, maji yamemchukulia godoro na mbuzi mmoja, si yule wa kabati, mwingine. Tukakumbatiana. Akaniangalia juu mpaka chini.

“Wee, Mama Hamisi. Wamekufanya nini?”

“Nimefunga Ramadhani.”

“Minaona. Lala. Damu iko?”

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya moto.

“Apana,” nikasema.

“Kutapika iko?”

“Apana.”

“Homa?”

“We nawe, kanda!”

Nilitaka mikono yake tu. Nilikuwa kama mtoto anayetaka kubebwa. Niliamini ikipita pale kushoto, ile mikono ya moto yenye mafuta, itakiyeyusha na sitahitaji kusema.

Akaanza chini kulia, akinisimulia godoro lilivyoelea kama mtumbwi na jinsi mume wake alivyolifukuza akiwa amevaa kaptula tu. Akapanda. Akavuka. Nilikuwa nimefumba macho. Akateremka kushoto, na katikati ya neno akanyamaza.

Mkono ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo, ukaja tena, mwepesi sana, kwa ncha za vidole, yeye ambaye hatumii vidole. Nilishika mkeka.

Kisha akauondoa.

Nimeishi miaka mingi na nimeona vita katika mji huu, nimekimbia na watoto mgongoni. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa baridi ile tumboni, mahali ambapo mkono ulikuwa na sasa haupo. Nikafungua macho. Mama Faida alikuwa anajipangusa mafuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, haniangalii.

“Endelea,” nikasema.

“Apana.”

“Mama Faida, endelea.”

“Mi sikande hii. Hii, nikisukuma naweza kukupasua.” Ndipo akaniangalia. “Umenidanganya, eh? Damu iko.”

Mlangoni beseni likaanguka. Zuhura akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima na watoto wake, analia kama amefiwa, “Iko! Damu iko! Na anatapika, nimeona mchanga! Mi nimechoka, Mama, unifukuze, mi nimechoka!”

Hamisi alikuwa uani anatengeneza pampu ya maji. Aliingia na spana mkononi. Akaelewa yote kwa mara moja, na hasira yake haikuja kwangu, ilikwenda kwa mke wake.

“Wewe ulijua? Ulijua ukanyamaza? Mama yangu anakufa ndani ya nyumba yangu, na we unafua vitambaa?”

“Alinikataza!”

“Ni nani mukubwa hapa? We na yeye wote wajinga!”

Alisema maneno mengine ambayo sitayaandika, kwa sababu ameshayaomba radhi. Zuhura alikaa chini kwenye maji yaliyomwagika. Mama Faida alijiweka kati yao na ule mwili wake mkubwa. Nikamuona mkwe wangu anavyotetemeka, na nikaona kwamba nikifa, nyumba hii itamuhesabia yeye kifo changu mpaka mwisho. Hilo ndilo lililoniinua. Si ujasiri. Ningekuwa peke yangu ningegeukia ukutani.

“Hamisi,” nikasema, “acha muke wako. Tafuta gari.”

Gari! Mji mzima hakukuwa na esansi, petroli ya kutia kwenye gari. Fundi wa magari, magari ya watu yamejaa uwanjani kwake, hakuna hata moja lenye tone. Alikimbia mitaa akapata tuktuk moja ya kijana aliyekuwa ameficha esansi kwenye chupa za maji. Tukapanda, mimi katikati, Zuhura huku, Mama Faida kule, maana alikataa kubaki. Kila shimo nilifikiri ndilo litakalonipasua.

Hospitalini, kwenye ukumbi wa kungojea, watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi. Sikuweza kukaa, sikuweza kusimama. Bibi mmoja mzee, rozari shingoni, alikuwa na nafasi kwenye benchi. Akavua kitenge chake cha juu, akakikunja mara nne, akaniwekea.

“Kalia upande, kama vile,” akasema. “We ni nini?”

“Tumbo. Na we?”

“Mi ni macho. Heri yako, unaona wapi unaenda. Mi hata choo nakosea mulango.”

Nilicheka, mwenzangu. Niliogopa mpaka meno yanagongana, na nikacheka, na kucheka kuliniuma mpaka nikalia. Akanishika mkono mpaka jina langu likaitwa. Sikumuuliza jina lake. Mpaka leo namuombea kwa jina la Bibi wa Macho, Mungu atamjua.

Daktari alikuwa kijana, angeweza kuwa mjukuu wangu, ndevu zimeanza tu. Aliposema anahitaji kuingiza kidole nyuma nikamwambia afadhali anizike. Hakukasirika. Akamwita muuguzi mwanamke, akasema yeye atanigusa tumbo tu na mama huyu atafanya mengine. Nikalala. Zuhura kichwani kwangu.

Alipofika kushoto nikamshika mkono.

“Hapo,” nikamwambia. “Ndipo alipokuwa nacho dada yangu. Usinifiche.”

Ndiyo mara ya kwanza nililisema kwa mdomo. Zuhura alivuta pumzi nikaisikia.

Daktari akabonyeza pale, akashikilia, akaachia. Akafanya tena. Kisha akachukua kidole changu mwenyewe, hiki hiki, akakiweka juu. “Bonyeza, mama. Usiogope. Sasa achia. Rudisha kidole.”

Nikarudisha. Kulikuwa na shimo. Pale nilipobonyeza palibaki pamebonyea, kama donge la bugari ukilichoma kwa kidole.

“Nyama mbaya haibonyei hivi,” akasema. “Hii ni mavi, mama. Ya muda mrefu.”

Alisema hivyo, mavi, daktari mzima. Nilimpenda hapo hapo. Lakini sikumuamini. Nilijua wanavyomdanganya mtu anayekufa. Nikamuuliza, na damu? Akasema, “Damu sijui bado. Kwanza tufungue njia.”

Njia aliifungua yule muuguzi, kwa kidole, na glavu, na mafuta. Nimekanda watu maisha yangu yote na sikujua kuna kukanda kwa namna hiyo. Ilichukua muda mrefu. Alitoa kidogo kidogo, vigumu kama mawe ya mtoni, akisema “pole mama, bado kidogo mama, pumua mama,” na harufu imejaa chumba kizima, na mtu hakuziba pua. Mimi niliyewacheka wazazi wakilia, nililia mpaka nikamuita mama yangu ambaye amekufa zamani. Zuhura alinishika kichwa kifuani kwake, anapapasa nywele zangu nyeupe wazi, mtandio umeanguka. Baadaye wakaniingizia maji ya vuguvugu matupu, bila pilipili, bila kitu. Na mlango ukafunguka.

Walinilaza siku kadhaa, na maji ya chupa yakiingia mshipani. Kile kitu cha kushoto kilipungua, kikakatika vipande, kikaisha. Kila asubuhi nilijigusa kabla ya kufungua macho. Lakini damu iliendelea kidogo kidogo, na nilipowaambia habari za Mwajuma, daktari akasema lazima waangalie ndani kwa kamera, kwa kuwa tumetoka tumbo moja.

Mvua zikaisha ningali nangojea zamu ya kamera. Nilipoipata, wakakuta kidonda, cha pilipili, na bawasiri kweli, sikuwa nimedanganya yote. Na wakakuta kinyama kidogo, kama punje ya mahindi, kimeota ukutani. Wakakikata, wakakipeleka kuangaliwa kwingine. “Ngojea,” wakasema.

Kungojea huko kulikuwa kubaya kuliko pwari. Vumbi lilikuwa limerudi, milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haionekani kwa ukungu wa kiangazi. Nilikuwa napata choo sasa, laini, kila siku au kila baada ya siku moja, na kila choo nilikichungulia kama barua kutoka kwa Mungu. Hamisi alikuwa anarudi mapema kutoka kazini, anakaa tu karibu yangu anasafisha kucha kwa bisibisi. Yeye na Zuhura walikuwa wanaongea kupitia watoto. “Mwambie baba yako chakula tayari.” “Mwambie mama yako nimesikia.” Siku moja nikawaita wote wawili nikawaambia, “Kosa lilikuwa mdomo wangu. Hamisi, muombe muke wako radhi hapa hapa, mbele yangu.” Aliomba, anaangalia sakafu. Zuhura akamwambia, “Sema tena, sikusikia.” Akasema tena.

Mama Faida alikuja kunikanda mara nyingine, daktari amekubali, mradi kwa upole na mradi nisidanganye. Aliponiuliza maswali yake nilijibu kila kitu, mpaka rangi, mpaka akasema basi, basi, inatosha.

Siku ya majibu tulikwenda mimi na Zuhura. Daktari alisoma kwa Kifaransa, kisha akainua uso akasema, “Si kansa, mama. Ila ni kile kinachoweza kugeuka kikiachwa. Tumekitoa.”

Zuhura alisujudu pale pale kwenye sakafu ya hospitali. Mimi nilikaa. Nilingojea furaha ije na haikuja. Kilichokuja ni Mwajuma. Pengine naye kilianza kama punje ya mahindi. Pengine mwaka ule wote aliokuwa ananyamaza, alikuwa amelala chali mahali, mkono tumboni, anafikiri kikikaa baina yake na mkono wake kitakuwa kitu kingine. Tulilala chumba kimoja utoto wote, na hakuniambia, nami sikumuuliza.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Damu iko? Kutapika iko? Homa iko? Umekonda? Kuna kitu mkono wako umekikuta? Kama hakuna, tafuta mwenye mikono ya polepole, akupashie mafuta, akukande, kunywa maji, kula papai, tembea. Mikono inasaidia, mimi ni shahidi. Kama kiko hata kimoja, usifunge mkaja, usitie pilipili, usimfanye mkwe wako afue siri. Mwambie mtu leo, kabla hujamaliza kusoma.

Daktari amesema mwakani nirudi kwenye ile kamera. Nimeshaanza kuogopa tangu sasa. Nimemwambia Zuhura sitaweza. Amesema niogope tu, hakuna anayenikataza, lakini niogopee ndani ya tuktuk.